Hodari wa Kufunga, Wazembe wa Karatasi: Kuhamisha Vyombo kwa Meli kutoka Northampton hadi Dar es Salaam

Kampuni ninayoitathmini hapa ni ya kuhamisha vyombo vya nyumba, yenye ghala katikati ya Uingereza, ambayo ilichukua samani na mali zetu kutoka nyumba tuliyokuwa tukiishi Northampton na kuzifikisha Dar es Salaam kwa njia ya bahari, tulipoamua kurudi nyumbani pamoja na watoto baada ya miaka mingi ya kazi ughaibuni. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa sehemu ya dai letu la fidia bado haijafungwa na sipendi maelezo haya yageuke kuwa shinikizo. Huduma yenyewe nitaieleza kinagaubaga, kwa sababu zipo familia nyingi Reading, Leicester, Birmingham na kwingineko zinazofikiria kuhama kama sisi, na maswali ninayoulizwa kwa simu ni yale yale: bei, muda, forodha na uaminifu.

Niseme mapema ninavyowaona. Watu hawa ni hodari wa kufunga na kubeba, na katika hilo sijaona wa kuwashinda, lakini nyaraka zao zilikuwa na kasoro zilizotugharimu fedha na usingizi kuliko kitu chochote kilichovunjika njiani. Sahani ikivunjika hasara huishia kwenye sahani hiyo, ilhali jina likikosewa kwenye hati ya shehena, yaani karatasi ya usafirishaji inayoonyesha mzigo ni upi na ni wa nani, mzigo wote husimama, na kila siku unaposimama unadaiwa. Ndiyo maana nitatumia nafasi kubwa kueleza karatasi, ingawa wengi wanaotafuta kampuni za namna hii huuliza kwanza juu ya maboksi.

Kazi ilianza kwa makadirio ya ujazo. Mzigo wa nyumbani unaokwenda kwa meli hutozwa kwa mita za ujazo. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33, na la futi 40 takriban 67, ingawa kwa samani zenye miguu na pembe hakuna awezaye kuijaza nafasi hiyo yote. Vyombo vyetu, baada ya kuuza na kugawa vile ambavyo havikustahili nauli, vilikadiriwa kuwa chini ya nusu ya kontena dogo, nasi tukashauriwa kuchangia kontena na wateja wengine wanaokwenda Dar es Salaam. Ushauri huo ulikuwa wa haki, maana kampuni nyingine tulizoziuliza zilitusukuma tuchukue kontena zima. Mkadiriaji wao aliomba tumzungushe nyumba nzima kwa simu ya video, akataka kila kabati lifunguliwe, akauliza juu ya darini na banda la bustani, kisha akatutumia orodha inayoonyesha kila kitu na ujazo wake. Mzigo ulipofika ghalani ulipimwa upya na ukaonekana umezidi makadirio kidogo; walitutumia picha za kila fungu likiwa limewekewa futikamba pembeni, na nyongeza ikatozwa kwa bei ile ile ya mkataba. Hapo waliniridhisha kabisa.

Ufungaji ndio uliowapa sifa zao zote. Walikuja mafundi wanne wakiwa na vifaa vyao, wakagawana vyumba, na mimi nilisimama kwa muda mrefu kumtazama yule aliyepewa jikoni. Alitandika chini ya boksi karatasi zilizokunjwakunjwa, akaizungushia kila sahani karatasi nyeupe isiyo na maandishi, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye vyombo, kisha akazisimamisha sahani kwa ukingo zikiegemeana, wala hakuzilaza moja juu ya nyingine kama zinavyokaa kabatini. Alinieleza kwamba boksi likishushwa kwa kishindo, sahani iliyolala hubebeshwa uzito wa zote zilizo juu yake, na iliyosimama huubeba uzito wake yenyewe tu. Alipomaliza alilitikisa boksi taratibu huku akisikiliza, akaongeza karatasi kwenye pembe moja, akatikisa tena hadi pakawa kimya, ndipo akafunga na kuandika namba. Katika vyombo vyote alivyovifunga fundi huyo, vikiwemo vikombe vya kaure ambavyo mke wangu alikuwa amekwisha kuvikatia tamaa, hakuna hata kimoja kilichofika na ufa.

Vitabu walivitia katika maboksi madogo ili mbebaji asivunjike mgongo na kitako cha boksi kisifumuke. Runinga na kioo kikubwa cha sebuleni walivitengenezea makreti ya mbao, na kila kreti lilikuwa na muhuri wa kuchoma wenye alama ya suke, msimbo wa nchi na herufi HT, kifupi cha Kiingereza cha mbao zilizopashwa joto. Muhuri huo una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISPM 15 kinataka mbao ghafi za kufungia mizigo inayovuka mipaka zipashwe joto hadi kiini cha ubao kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, ili wadudu wa miti wasihamishwe kutoka nchi moja hadi nyingine. Anayejitengenezea kreti kwa mbao alizookota nyuma ya duka anaweza kuzuiliwa mzigo kwa sababu ya kreti lenyewe, hata kama kilichomo ndani hakina shida yoyote.

Vyombo vya umeme tulivichukua karibu vyote, kwa kuwa umeme wa Uingereza ni wa volti 230 kama wa Tanzania, na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa. Ndugu zetu walioko Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, wafikiri mara mbili kabla ya kulipia ujazo wa birika, pasi na oveni zitakazohitaji transfoma kila siku.

Kuhusu bahari sina lawama kubwa. Kontena la kuchangia haliondoki mpaka lijae, na hilo tuliambiwa tangu mwanzo. Tuliambiwa pia kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalipoanza, kampuni nyingi za meli zimekuwa zikikwepa Mfereji wa Suez na kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, jambo linaloongeza muda na gharama. Tulipewa namba ya kontena, yaani zile herufi nne na tarakimu saba zilizopigwa rangi ubavuni, tukawa tunaifuatilia wenyewe kwenye tovuti ya wenye meli. Meli zilipopishana katika bandari ya kubadilishia mzigo na kontena likabaki likisubiri, kampuni ilituandikia kabla hatujauliza. Huo ni uungwana.

Sasa nije kwenye karatasi. Katika kontena la kuchangia, wenye meli humpa mkusanyaji wa mizigo hati moja kuu ya shehena, naye mkusanyaji humwandikia kila mteja hati yake ndogo. Hati yetu iliandikwa majina yangu mawili, ilhali pasipoti yangu, kama za Watanzania wengi, ina matatu. Huko Uingereza majina mawili humtosha mtu kuanzia benki hadi hospitali, na karani aliyeiandaa hati aliliona jina la katikati, ambalo ni la baba yangu, kuwa halina kazi, ingawa nakala ya pasipoti tulikuwa tumeipeleka mapema na rasimu ya hati hatukuwahi kuonyeshwa. Wakala wetu wa forodha wa Dar es Salaam alipoipokea alituambia papo hapo kwamba haitapita hivyo, kwa kuwa jina la mpokeaji linapaswa kulingana na pasipoti na namba ya mlipakodi, na kwamba kinachohitajika ni marekebisho ya manifesti (orodha ya mizigo ya meli inayowasilishwa forodha), ambayo lazima yaombwe na aliyeiandaa. Barua pepe zikaanza kupishana. Ghala la Uingereza likatuelekeza kwa mshirika wao wa Dar es Salaam, mshirika akaturudisha ghalani, na wakati huo mzigo umekwisha kuhamishiwa bandari kavu, yaani yadi ya makontena iliyo nje ya bandari yenyewe, ambako baada ya muda wa bure kupita tozo ya hifadhi huhesabiwa kila kunapokucha.

Uzito wa jambo hili unaeleweka vizuri zaidi ukitazama sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inatoa msamaha wa ushuru kwa mkazi anayerejea kwa kuhamisha makazi yake kutoka nje ya jumuiya. Msamaha huo unahusu nguo zake na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka, na hata gari moja, ikiwa alilimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12 na likatimiza masharti mengine yaliyowekwa. Lakini mzigo unatakiwa kuingia ndani ya siku 90 tangu mwenyewe alipowasili, na Kamishna wa Forodha anaweza kuongeza muda huo, mradi usizidi siku 360. Ukijumlisha kusubiri kontena lijae, kuzunguka rasi na kubadilisha meli, siku 90 si nyingi. Kampuni inayojitangaza kuwa bingwa wa kuhamisha watu kwenda Afrika Mashariki ilipaswa kuuliza tarehe yetu ya kusafiri kabla ya kitu kingine chochote, na haikuuliza. Tulisalimika kwa sababu mimi nilichelewa kuondoka Uingereza kwa ajili ya kazi, wala si kwa mpango wa kampuni.

Orodha ya vitu nayo ilikuwa na dosari ya namna hiyo hiyo. Ofisa wa forodha hawezi kuona ndani ya boksi lililofungwa. Anasoma orodha, na orodha ikimtosheleza hufungua machache. Yetu ilikuwa na mistari mingi iliyosomeka "vitu mchanganyiko vya nyumbani", na kwa mashine ya kahawa waliandika kuwa ni mpya, kwa sababu tu ilikuwa imerudishwa kwenye katoni lake la dukani. Kitu kipya hakiingii katika msamaha wa vyombo vilivyotumika, na kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ushuru wa pamoja wa jumuiya ni asilimia 25, huku bidhaa teule zikitozwa asilimia 35 tangu Julai 2022, kisha hufuata Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Ofisa aliyesimamia ukaguzi alikuwa mtu makini na mwenye adabu: alilifungua katoni, akaivuta trei ya chini, akaona madoa ya kahawa yaliyokauka, akaandika kwa mkono wake kwamba imetumika. Hata hivyo, maboksi yote ya "mchanganyiko" ilibidi yafunguliwe pamoja nalo, na kazi nzuri ya yule fundi wa jikoni ikafumuliwa sakafuni mwa ghala, ikafungwa tena na vibarua ambao hawakuwa na karatasi wala muda.

Jambo la tatu ni bei. Ukurasa wa kwanza wa makadirio ulisema huduma ni ya "mlango hadi mlango", na maneno hayo yalikuwa kwa herufi kubwa. Masharti ya kurasa za nyuma yaliondoa humo ada za bandari, za bandari kavu, za wakala wa forodha, za ukaguzi na za hifadhi. Tulipouliza kwa barua pepe kabla ya kulipa arubuni, tulijibiwa kuwa gharama za upande wa Dar es Salaam ni "za kawaida" na kwamba mshirika wao angetueleza. Mwishowe zilifikia karibu theluthi ya bei yote tuliyolipa Uingereza, na sehemu kubwa ya hiyo ilitokana na hifadhi ya siku za kusubiri jina langu lirekebishwe. Sidai kwamba kampuni iliyoko Uingereza inaweza kujua kila senti itakayotozwa Kurasini, eneo la bandari la Dar es Salaam, lakini inaye mshirika hapo na inapeleka makontena mara kwa mara. Ingeweza kuandika kiwango cha chini na cha juu, na ikaeleza nani hubeba gharama ya kosa la karani wake.

Vyombo vilipofunguliwa nyumbani, hali ilikuwa nzuri kwa sehemu kubwa. Mlango mmoja wa kabati la nguo ulikuwa umepasuka kwenye bawaba, na godoro moja liliota ukungu. La godoro nalitaja kwa sababu lilikuwa linaepukika. Kontena linalotoka kwenye baridi ya Ulaya kwenda kwenye joto la tropiki hutoa jasho ndani: unyevu uliomo hewani na kwenye mbao hugeuka matone juu ya bati usiku na kudondoka. Walitundika vifuko vya kunyonya unyevu, na masofa waliyafunika kwa karatasi nzito inayopitisha hewa, kama inavyotakiwa, lakini godoro hilo walilitia katika nailoni nene na kuliziba pande zote, unyevu wake ukakosa pa kutokea.

Bima tuliichukua kupitia kwao, kwa asilimia 3 ya thamani tuliyotamka. Hapa niwape haki yao tena, kwa kuwa walieleza kwa maandishi na kwa lugha nyepesi mambo ambayo wengine huyaficha. Walituambia tutamke bei ya kununua kitu kipya cha namna hiyo huko tunakokwenda, na si bei tuliyonunulia zamani. Walituonya kwamba ukitamka nusu ya thamani, fidia nayo hukatwa nusu: mali ya pauni 10,000 ikikatiwa bima ya 5,000, uharibifu wa pauni 1,000 hulipwa 500. Walieleza pia kwamba boksi alilofunga mteja mwenyewe halilipiwi vitu vilivyovunjika ndani yake, na ndiyo sababu tuliwaachia kila kitu.

Kuna wanaoona bima ya baharini ni anasa, nami ningewakumbusha habari ya Ever Given, meli iliyokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021. Mwezi uliofuata mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, kanuni ya kale ya bahari inayowataka wenye mizigo wote wachangie gharama za kuiokoa meli, hata wale ambao mizigo yao haikuguswa. Aliyekuwa na bima aliiachia kampuni yake ya bima kazi hiyo. Asiyekuwa nayo alitakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa mali yake.

Dai la mlango wa kabati lililipwa bila mabishano. La godoro lilikataliwa, kwa kuwa mkataba wetu hauhusishi ukungu, ndipo tukaligeuza kuwa dai dhidi ya kampuni yenyewe kwa kosa la ufungaji, nalo bado linajadiliwa. Ada ya kurekebisha manifesti wamekubali kuirudisha. Ya hifadhi wanasema si yao, na mimi nashikilia kwamba ni yao, kwa sababu isingekuwepo kama karani angeinakili pasipoti aliyokuwa nayo.

Wapo watakaouliza kama haingekuwa nafuu kutumia mapipa, kama wanavyofanya wengi wetu tunapotuma nguo, sabuni na zawadi kwa ndugu. Kwa mzigo wa namna hiyo pipa linaishinda kampuni yoyote: bei ni moja, hujumuisha kutolewa bandarini, na wakala huwa mtu anayefahamika mjini. Lakini mapipa mara nyingi huingia kwa jina la wakala pamoja na mizigo ya watu wengine, kwa hiyo anayehama hawezi kuudai msamaha wake kwa vyombo vilivyomo, na hakuna pipa litakalobeba kitanda wala meza ya chakula. Kwa nyumba nzima ningewarudia watu hawa hawa, kwa ajili ya mafundi wao, ila ningeandika orodha ya vitu mwenyewe boksi kwa boksi wakati linapofungwa, ningedai gharama za Dar es Salaam ziwekwe ndani ya mkataba kwa kiwango cha chini na cha juu, na arubuni nisingeitoa kabla ya kuahidiwa kwa maandishi kwamba rasimu ya hati ya shehena nitaletewa niisome herufi kwa herufi, pasipoti ikiwa mkononi, kabla kontena halijatiwa lakiri.